Tovuti yenye sura mbaya bado si mteja

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti hapa Lubumbashi wanaleta picha ya skrini ileile: tovuti ya gereji au ya duka la dawa, rangi zinagombana, maandishi yanatembea kutoka kulia kwenda kushoto. "Angalia ubaya huu, huyu atanilipa nimtengenezee upya." Hatalipa, na ana haki. Rangi ya kijani haijamzuia mtu kuleta gari lake gereji. Imani hii inapoteza muda wa vijana wenye kipaji, na inawachosha wenye biashara kwa ujumbe wa kuwatukana.

Unayemtafuta ni mtu ambaye tovuti yake imevunjika mahali pale mteja alipotaka kupita, na ambaye bado yuko kazini na ana pesa ya kutumia. Moja kati ya hayo likikosekana, songa mbele.

Kutafuta kwenyewe si kazi ngumu. Andika kwenye Google site:.cd (.cd ni mwisho wa anwani za tovuti za Kongo) pamoja na Lubumbashi na aina ya biashara. Kampuni zetu nyingi ziko kwenye .com, kwa hiyo jaribu pia "+243", msimbo wa simu wa Kongo, na "Lubumbashi" ndani ya alama za kunukuu. Kwenye Google Maps, fungua biashara moja moja na ubonyeze kitufe cha tovuti. Domeni (majina ya tovuti) zilizokufa zitajionyesha zenyewe.

Halafu umri. Wengi wanasoma mwaka ulioandikwa chini ya ukurasa, lakini mwaka ule mara nyingi ni msimbo unaojibadilisha kila Januari hata kama hakuna aliyegusa tovuti. Soma anwani. Inayosema bado "Province du Katanga" huenda haijaguswa tangu 2015, mkoa ulipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tazama pia namba ya usajili: ikiwa ni NRC (rejista ya zamani ya biashara) badala ya RCCM (rejista ya sasa), maandishi hayo yanafuata desturi ya kabla ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012. Tafuta maneno hayo kwenye Google, utapata orodha. Ila kuna wanaoandika Katanga kwa mapenzi tu, kwa hiyo thibitisha kwa dalili ya pili.

Kama biashara iko hai, utaona kwenye ukurasa wake wa Facebook na maoni mapya kwenye Maps. Watazame sana sous-traitants (wakandarasi wadogo) wa migodi. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaiweka kazi yao mikononi mwa kampuni zenye mtaji ulio wa Wakongo kwa sehemu kubwa, na mtu anayegombania kazi hiyo ana sababu ya kutaka tovuti inayofunguka.

Sasa kagua, na usikague kwa kompyuta yenye wifi. Chukua simu ya Android ya kawaida, tumia mega (data ya simu). Ukilazimika kuvuta ukurasa kwa vidole viwili ili usome, pengine mstari wa viewport, unaoiagiza simu ifuate upana wa skrini yake, haupo, na simu inachora ukurasa kana kwamba upana wake ni pikseli 980. Kuongeza mstari huo peke yake hakuponyi tovuti iliyojengwa kwa jedwali la upana usiobadilika. Picha sita zilizotoka moja kwa moja kwenye simu, kila moja MB 4, ni MB 24 kwa ukurasa mmoja. Aliyenunua mega za siku hatazimalizia hapo. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi pikseli 800 na kuhifadhiwa kama WebP (aina ya faili ya picha inayobana zaidi), nyingi hushuka karibu na KB 100.

Bonyeza namba ya simu. Kama iko ndani ya picha, haipigiki. Kiungo cha WhatsApp kinataka wa.me/243 halafu tarakimu tisa, basi. Ile desturi yetu ya kuandika +243 (0) inakiua.

Kitu kinachoumiza kuliko vyote hakionekani kwa macho: fomu ya mawasiliano. Tovuti nyingi za zamani hutuma ujumbe kwa mail() ya PHP (amri ya lugha ya seva), kutoka seva ambayo domeni haijaitambulisha kwa SPF wala DKIM, yaani njia za kuthibitisha kwamba barua pepe imetoka kwa mwenye domeni. Tangu Februari 2024 Gmail inadai walau moja kati ya hizo. Mteja anaona "Message envoyé", ujumbe unakataliwa au unatupwa kwenye spam, na mwenye biashara anaamini hakuna anayemwandikia. Rekodi za domeni ziko wazi, zisome kwa kifaa chochote cha DNS, mfumo unaohifadhi rekodi hizo. Usijaze fomu kwa jina la uongo. Kama unataka kujaribu, uliza swali la kweli na uweke jina lako.

Alama za PageSpeed, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, nazitumia kwa tahadhari. Zile za maabara zinaiga simu ya kati na 4G ya polepole. Mtandao wa Katuba, hapa Lubumbashi, jioni una tabia zake. Usimpelekee patroni namba 38 nyekundu, haimwambii kitu.

Na sina hakika kwamba kila duka linahitaji tovuti. Mama anayemaliza mzigo wa vitambaa kwa status ya WhatsApp, mwache afanye kazi yake.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: "Jambo Baba. Nimejaribu kuwapigia kutoka tovuti yenu. Namba iko ndani ya picha, haibonyezeki. Kiungo cha WhatsApp kina sufuri nyuma ya 243, hakifunguki. Ninawatumia picha zake hapa." Usitaje rangi.

Akijibu, kabla ya kutaja bei uliza domeni imesajiliwa kwa jina la nani na neno la siri analo nani. Mara nyingi analo kijana aliyetengeneza tovuti ya kwanza, na hapatikani tena. Hilo likiwa bado, usipokee hata dola moja.