Dagaa wa mchangani, dagaa wa kichanjani: kumfundisha mwanafunzi jaribio lisilopendelea upande

Mwanafunzi wa kidato cha pili aliniletea daftari la mradi wake wa sayansi. Mwisho wa ukurasa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: dagaa wa kwenye kichanja hukauka haraka kuliko wa mchangani, imethibitishwa. Kwao wanaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, kwa hiyo swali halikutoka kitabuni. Hilo peke yake lilinifurahisha.

“Wa kichanjani uliwaanika saa ngapi?”

“Saa mbili asubuhi, mwalimu.”

“Na wa mchangani?”

Akatazama chini. “Kama saa tatu na nusu. Mama mdogo alinituma kwanza.”

Saa moja na nusu ya jua la Mwanza si kitu kidogo kwa samaki mwembamba namna ile. Huenda binti yuko sahihi: kichanja hupitisha hewa juu na chini, na mchanga wa ufukweni una unyevu wake. Ila jaribio lake halikutuonyesha hivyo. Lilituonyesha tu kwamba waliotangulia kuanikwa walitangulia kukauka. Walimu tunaowanoa huwa nawasihi wasikimbilie kusema “umekosea.” Mwulize mtoto ni nini kingine kilichotofautiana, kisha umwache ahangaike nacho. Wengi wa sekondari hukariri maana ya kigeu, yaani kitu kinachoweza kubadilika katika jaribio, kwa Kiingereza bila kuacha nukta, halafu hawakioni kigeu kinachotembea mbele yao, yaani kivuli cha mwembe.

Tukaanza upya, safari hii kalamu kabla ya dagaa. Kinachobadilika ni kimoja tu, mahali pa kuanikia. Vingine vyote vilingane: dagaa wa mtumbwi mmoja, wa usiku mmoja, wachanganywe kwenye beseni moja ndipo wagawanywe, uzito sawa, tuseme gramu 500 kila fungu, watandazwe kwa unene uleule, saa ileile, pasipo kivuli, chandarua kifunike pande zote mbili, maana kunguru hachagui. Fungu lipi liende kichanjani? Rusha shilingi. Ukichagua kwa mkono, mkono utapeleka dagaa wazuri upande unaoupenda, tena bila wewe mwenyewe kujua.

Kisha kipimo. Mwanzoni alikuwa amepima kwa kubonyeza kwa vidole na kwa sado. Sado inafaa sokoni, lakini inapima ujazo: itikise kidogo tu, dagaa wanashuka, na kila muuzaji analijua hilo. Tukakubaliana kutumia mizani ya dukani kila baada ya saa mbili. “Mkavu” tukamwekea maana kabla ya kuanza: uzito usioshuka tena kwa vipimo viwili mfululizo.

Hapo yeye mwenyewe akauona mtego ambao mimi sikuuona. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga. Mizani itapima samaki na ufukwe kwa pamoja, wewe uandike kwamba hawakauki, kumbe wamekauka zamani. Basi wakung'utwe kwenye chekeche kabla ya kila kipimo. Na wa kichanjani nao wakung'utwe vilevile ingawa hawana mchanga, kwa sababu kukung'uta huvunja vichwa na mikia, na kilichovunjika hupungua uzito. Nilimpa alama nyingi kwa sentensi hiyo moja kuliko kwa mradi mzima wa awali.

Kurudia nako kuna kisa chake. Tulitaka mara nne, kwa sababu siku moja ya upepo inaweza kumdanganya yeyote. Lakini dagaa wa Ziwa Viktoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi hupumzika. Ratiba ya shule haina habari na mwezi. Mwalimu aulize wavuvi kwanza, asije akabaki na mizani bila samaki.

Anayeona haya ni mambo ya watoto akumbuke utafiti uliofanyika mkoani humu kuanzia 1991 hadi 1994. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na wa AMREF, shirika la afya la Afrika, pamoja na wenzao wa London walitaka kujua kama kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kungepunguza maambukizi ya VVU. Walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita za jamii zinazofanana: ya visiwani na ya visiwani, ya mwambao na ya mwambao, ya kando ya barabara na mwenzake. Katika kila jozi, bahati nasibu ndiyo iliyoamua ni ipi ipate huduma iliyoboreshwa kwanza. Matokeo yalichapishwa 1995: jamii zilizopata huduma hiyo zilikuwa na maambukizi mapya pungufu kwa takriban asilimia 40. Lau wangelinganisha kisiwa cha wavuvi na kijiji cha wakulima wa pamba, nani angewaamini? Ni lile beseni moja la dagaa lililogawanywa mara mbili, ila kwa ukubwa wa mkoa.

Shule iliyo mbali na mwalo inaweza kutumia maji yenye tope na unga wa mbegu za mlonge, ambao hugandanisha chembe za tope zikazama. Watoto karibu wote husahau kuweka chupa ya maji yaleyale isiyotiwa unga, na tope hutua lenyewe likiachwa. Chupa hiyo nayo ikorogwe sawasawa na nyenzake. Maji yakishakuwa meupe yasinywewe hivihivi. Weupe si usalama.

Mzunguko wa tatu wa dagaa, mvua ilishuka saa saba mchana. Binti alitaka kuuchana ukurasa. Nikamwomba auache, aandike saa mvua ilipoanza na uzito wa pande zote mbili. Alipolinganisha namba akakuta mafungu yote mawili yamepanda uzito, la mchangani zaidi. Akakaa kimya, kisha akaandika pembeni, safari hii kwa penseli: je, kichanja kikifunikwa turubai?