Pembe ya eleroni ikivunjika, chonga yako

Ndege ya rimoti ikitua vibaya, mara nyingi bawa hupona na kinachokatika ni pembe: kile kipande kidogo kilichosimama juu ya eleroni (kibao cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande) au eleveta (kile cha mkiani kinachoinua na kushusha pua), kinachovutwa na kusukumwa na fimbo inayotoka kwenye sevo, mota ndogo inayotii rimoti. Ndege ikiwa ya zamani, spea zake huwa hazitengenezwi tena. Mimi sihangaiki kuzitafuta. Nachonga, na pembe niliyochonga naiamini kuliko ile ya plastiki iliyovunjika.

Wanaoanza huiga umbo, lakini umbo halina kazi kubwa. Kinachotakiwa kuigwa ni mahali lilipo tundu la kushikia fimbo. Ukiitazama ndege kwa ubavu, tundu linatakiwa kuwa juu ya mstari wa bawaba sawasawa. Likisogea mbele au nyuma, eleroni itapanda kwa kiasi kimoja na kushuka kwa kingine, hata kama sevo inazunguka sawa pande zote. Kwa hiyo, kabla hujang'oa kisiki cha pembe ya zamani, pima kwa kipimio cha vernia kimo cha tundu kutoka kwenye bawaba. Ikiwa pembe imepotea kabisa, piga hesabu: mkono wa sevo wa mm 10 ukizunguka nyuzi 45 husogeza fimbo mm 7 hivi, na pembe yenye kimo cha mm 15 itageuza eleroni takriban nyuzi 28.

Ninachokipenda zaidi ni faibaglasi ya mm 1.6, ile inayotengenezewa bodi za saketi. Bodi ya kifaa kilichokufa inafaa kabisa, mradi ukate sehemu isiyo na matundu. Ikate kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, kisha maliza kwa tupa. Vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hiyo vaa barakoa na ulowanishe msasa. Acha mzizi mrefu wa kuzama ndani ya eleroni, ukwaruze, utoboe vitundu viwili vitatu ili gundi ya epoksi ipate pa kushika. Tumia epoksi inayokauka polepole. Ile ya dakika tano haiingii vizuri ndani ya mbao.

Tundu lenyewe ndilo la kulifanya kwa subira. Pima pini ya klevisi, kile kibano cha mwisho wa fimbo ambacho pini yake huingia kwenye tundu la pembe. Ikiwa ni mm 1.6, toboa kwa keekee ya mm 1.5, halafu panua kidogo kidogo mpaka pini iingie kwa kusukumwa na kidole, bila kukwama na bila kucheza. Mchezo wa mm 0.2 tu kwenye pembe ya mm 10 unakuwa mm 1 nzima kwenye ukingo wa eleroni ulio mm 50 kutoka kwenye bawaba. Ukiirefusha pembe iwe mm 20, mchezo huo unapungua nusu. Eleroni inayocheza ndiyo inayoanza kupapatika ndege ikishika kasi, na ikishaanza inaweza kung'oka kabla hujapunguza mafuta.

Upande wa fimbo, angalia hesi, yaani mizunguko ya skrubu inayoingia kwenye klevisi. Ziko M2 na ziko 2-56 za Kimarekani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. M2 ina unene wa mm 2 na hatua (umbali kati ya mzunguko na mzunguko) ya mm 0.4, 2-56 ina unene wa mm 2.18 na hatua ya mm 0.45. Fimbo ya M2 inaingia kwenye klevisi ya 2-56 kwa ulaini, inaonekana imeshika, kisha inachomoka ikivutwa kwa nguvu. Usizichanganye kamwe.

Waya wa springi wa kutengenezea fimbo ukunjwe ukiwa baridi, mara moja tu. Kuupasha moto kunauondolea ugumu, na kuukunja na kuukunjua kunauacha na ufa usioonekana. Fimbo ikiwa ndefu, iwekee mwongozo katikati: ukipunguza kwa nusu urefu usioshikiliwa, nguvu ya kuipinda inabidi iwe mara nne.

Ukimaliza, washa redio ya kuongozea ndege, shika ukingo wa eleroni na uutikise. Ukisogea huku mkono wa sevo umetulia, fuata kila kiungo mpaka ulikute tundu linalocheza, na hilo ulitengeneze upya. Kisha visha klevisi kipete cha mpira wa silikoni ili isifunguke hewani.