Rimiksi ni nini, na inatofautiana vipi na kolabo

Jumamosi moja nilikuwa saluni, Sinza, nimeshafungwa kitambaa shingoni, redio ikapiga "Number One", ile aliyoimba Diamond Platnumz na Davido. Kijana aliyekuwa anasubiri zamu akasema kolabo hii ndiyo iliyomvusha Diamond mipaka. Kinyozi akazima mashine. "Hiyo si kolabo, mdogo wangu. Hiyo ni rimiksi." Ubishi ukaanzia hapo, na mpaka namaliza kunyolewa hakuna aliyekubali kushuka.

Kolabo ni wimbo ambao wasanii wawili au zaidi wameutengeneza pamoja tangu mwanzo. Mmoja ndiye mwenye wimbo, mwingine ameshirikishwa, lakini wimbo unapozaliwa wote wamo. Darassa alipoachia "Muziki" mwaka 2016, sauti ya Ben Pol ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Hakuna "Muziki" nyingine iliyotangulia, na ukiitoa sauti hiyo wimbo unabaki na tundu.

Rimiksi inarudi kwenye wimbo ambao watu wanao tayari. "Number One" ilitoka 2013 Diamond akiwa peke yake. Watu waliishika, waliicheza kwenye harusi, wakajua kila mstari unaangukia wapi. Davido alipoingia, aliingia kwenye nyumba iliyokwisha kuhamiwa. Msikilizaji wa rimiksi anasikiliza nyimbo mbili kwa wakati mmoja: inayotoka kwenye spika na ile iliyomo kichwani mwake. Kwa hiyo kinyozi alikuwa sahihi, ingawa yule kijana hakupotea sana, maana rimiksi yenye mgeni ina kolabo ndani yake.

Neno lenyewe linatoka mezani kwa fundi mitambo. Kuchanganya wimbo ni kupanga ujazo wa kila sauti iliyorekodiwa: besi hapa, ngoma pale, mwimbaji mbele kidogo. Kurimiksi ni kulifanya zoezi hilo upya na kupata kitu kingine. Kule Kingston, Jamaika, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mafundi walianza kutoa nyimbo zilizoondolewa sauti ya mwimbaji. King Tubby, ambaye kazi yake ilikuwa vifaa vya umeme, alilifikisha jambo hilo mbali: anaizima sauti, anairudisha neno moja tu likiwa na mwangwi, anaacha besi na ngoma zitawale. Juu ya midundo hiyo mitupu watu kama U-Roy walishika kipaza sauti na kuongea kwa mahadhi. New York, miaka ya 1970, Tom Moulton naye akawa anazirefusha nyimbo za disko ili wachezaji wasikatishwe.

Hip-hop ilizaliwa kwenye ukoo huohuo. DJ Kool Herc alizaliwa Kingston, na sherehe yake ya Bronx ya tarehe 11 Agosti 1973 ndiyo inayohesabiwa siku ya kuzaliwa kwa hip-hop. Ujuzi uliompa jina ni wa kuchukua nakala mbili za santuri ileile na kukirudia kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikuwa wanakingoja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema rimiksi ni ujanja wa kibiashara uliobandikwa juu ya hip-hop. Kugusa wimbo wa mtu na kuutoa ukiwa mwingine ndiyo asili ya huu muziki.

Sasa, hip-hop ina aina yake ya rimiksi ambayo haigusi mdundo kabisa. Mfano ninaourudia kila mara ni "Flava in Ya Ear" ya Craig Mack, ya 1994. Biti ya prodyuza Easy Mo Bee ni ileile. Kilichobadilika ni watu: Notorious B.I.G., yaani Biggie, anafungua, Craig Mack mwenyewe anafuata, kisha Rampage, LL Cool J, na Busta Rhymes anafunga. Wachanaji watano, mdundo mmoja, hakuna pa kujificha, kwa sababu kila anayeingia anapimwa na aliyemtangulia. Isikilize uone Biggie anavyoingia taratibu, kama mtu anayevuta kiti, na Busta anavyoiacha sauti yake ipande na kushuka mpaka mdundo unaonekana umeongezeka kasi wakati haujasogea hata kidogo. Na hapo ndipo ilipo hatari ya rimiksi, ile ambayo sisi mashabiki tunaiita kufunikwa. Ulikuwa wimbo wa Craig Mack, uliomtambulisha, lakini waulize watu leo wanakumbuka mistari ya nani. Wengi watakutajia Biggie. Inaniuma kwa ajili ya Craig Mack, aliyefariki 2018, kwa sababu toleo lake la awali lina uzito wake na linastahili kusikilizwa peke yake.

Mwaka uliofuata Mariah Carey aliiweka sauti ya rapa Ol' Dirty Bastard wa kundi la Wu-Tang Clan kwenye rimiksi ya "Fantasy". Sauti laini kabisa na sauti inayokwaruza kama msasa. Wakati ule wengi hawakuuona mwanya wa wawili hao kukutana. Leo mwimbaji kumwita rapa kwenye rimiksi ni jambo la kawaida, hakuna anayeshangaa.

Kuna rimiksi zinazobeba jina tu. "I'm Real" ya Jennifer Lopez, ile aliyoimba na Ja Rule mwaka 2001, ina mdundo mwingine, mahadhi mengine na maneno mengine. Ni wimbo mpya uliopewa jina la wimbo wa zamani, na ulifika namba moja Marekani. Baada ya hapo Billboard, jarida linalopanga chati za muziki Marekani, walibadilisha kanuni ili toleo lililo tofauti kiasi hicho lisihesabiwe pamoja na la awali. Jina likibaki na wimbo wote ukiondoka, sioni kilichorimiksiwa.

Kwetu nyumbani rimiksi imekuwa hasa njia ya kuvuka mipaka, au ya kuupa wimbo maisha ya pili. AY aliirudia "Zigo" akiwa na Diamond mwaka 2016. Mwaka 2024 Jason Derulo wa Marekani aliingia kwenye "Komasava" ya Diamond. Sina ugomvi na majina makubwa, ila nina kipimo changu: je, mgeni ameusikiliza wimbo? Akiingia akachana mistari ambayo angeweza kuipachika kwenye biti yoyote duniani, huyo amepita tu kusalimia. Akijibu kitu kilichokwisha kusemwa, akakishika kiitikio na kukipeleka pengine, hapo kuna kazi. Sisi tumelelewa na mashairi ya kujibizana, tunajua jibu likifika.

Singeli nayo ni jirani wa karibu sana wa rimiksi, na sijui kwa nini haitajwi zaidi. Maprodyuza wa uswahilini Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi zaidi ya midundo 200 kwa dakika. Kinanda kilichokuwa kinabembeleza wakubwa kikawa kinawarusha watoto wa mtaani.

Halafu kuna ruhusa. DJ akichanganya wimbo wa mtu kwa kompyuta yake bila makubaliano, mashabiki wataiita rimiksi, ila mwenye wimbo ana haki ya kuuliza. Tanzania Bara sheria ya hakimiliki inayotumika ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo yenye dhamana.

Ukiniuliza rimiksi yetu ninayoipenda, nitakutajia "Mama Tetema". Rayvanny aliiachia "Tetema" na Diamond mwaka 2019. Mwaka 2021 Maluma wa Kolombia akaimba naye toleo jipya, na Novemba mwaka huohuo wakapanda jukwaani pamoja kwenye tuzo za MTV Ulaya, Budapest. Kihispania kiliingia, mpangilio ukabadilika, mgeni akaimba kwa namna ya kwao. Neno "tetema" halikutafsiriwa. Lilibaki pale katikati ya kiitikio, na Maluma akalitamka kama tunavyolitamka sisi.