Mboji ya Kiangazi Dodoma: Chimba Shimo, Usirundike

Wakulima kadhaa wa bustani ninaowatembelea pembezoni mwa Dodoma wamekata tamaa ya mboji kwa sababu lundo walilolijenga Julai walilikuta Oktoba likiwa vilevile, mabua ya mtama yakiwa makavu kama siku yalipokatwa. Vijidudu vinavyoozesha masalia huhitaji unyevu muda wote, na upepo wetu wa kiangazi huumaliza kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana kuanzia Mei ninashauri shimo lililo kivulini, lenye kina kisichozidi mita moja ili hewa ifike chini.

Mabua ya mtama au uwele huyakatakata na kuyaloweka usiku kucha. Juu yake huweka samadi ya mbuzi, kisha majani mabichi na mabaki ya jikoni, na kurudia tabaka hizo nikinyunyizia maji kila mara. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, hivyo bila samadi hayaivi upesi. Uwiano mzuri ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja. Majivu siyachanganyi na samadi mbichi, kwani huifanya naitrojeni ipotee hewani kama amonia.

Katikati huchomeka fimbo ndefu. Nikiichomoa baada ya siku tano, ikiwa ya moto na yenye unyevu, mambo yanakwenda vizuri. Ikiwa kavu, naongeza maji. Ikiwa baridi na inanuka uvundo, maji yamezidi na hewa imekosekana, kwa hiyo nageuza mara moja. Vinginevyo nageuza kila baada ya wiki tatu.

Msiharakishe kuitumia. Mboji isiyoiva hunyang'anya mimea naitrojeni iliyomo udongoni, na kwa pupa hiyo niliwahi kupoteza tuta zima la nyanya zilizogeuka njano. Baada ya miezi mitatu au minne, jazeni mboji kwenye kopo na mpande mbegu za mchicha. Zikiota vizuri na miche ikabaki kijani, imeiva. Changanyeni debe moja la lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, katika tuta lililochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, kisha mfunike kwa nyasi kavu.

Ifikapo mwisho wa Novemba, iliyobaki shimoni itolewe na kurundikwa juu ya ardhi, kwa kuwa mvua za Desemba zikijaza shimo, mboji huoza bila hewa na virutubisho huzama na maji.