Kabla Hujaomba Urubani wa Jeshi, Keti Kwanza Kwenye Kiti Hiki

Kila Desemba, sherehe za Jamhuri zikipita na ndege za Jeshi la Wanahewa zikishatetemesha madirisha ya Lang'ata, simu ya kliniki yetu huanza kulia. Wazazi wanauliza kama mtoto anayevaa miwani anaweza kuwa rubani wa kijeshi. Vijana waliomaliza kidato cha nne wanauliza waanzie wapi. Mimi ni daktari wa marubani, kazi yangu ni kupima nani yuko sawa kupanda na nani abaki chini. Swali la miwani nitalijibu. Lipo lingine ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na hilo ndilo huniweka macho juu ya kijana.

Mwaka jana alikuja mmoja kutoka Umoja, ameandamana na mama yake. Nilimketisha kwenye kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka, nikamwambia afumbe macho na kuelekeza kidole gumba upande anaohisi mwili unakwenda. Nikakizungusha kiti polepole kuelekea kulia, kwa mwendo mmoja. Gumba likaenda kulia. Baada ya sekunde kama 20 likasimama wima.

"Umesimamisha, daktari."

Sikuwa nimesimamisha. Nilipokizuia kiti kwelikweli, gumba likageuka kushoto na kijana akashikilia mkono wa kiti kama anayeanguka. Mama yake alicheka mpaka akapangusa machozi.

Ndani ya sikio mna mirija mitatu yenye majimaji. Kichwa kikianza kuzunguka, majimaji hubaki nyuma na ubongo hupata habari. Mzunguko ukiendelea kwa mwendo uleule, majimaji huufikia na habari hukatika. Ukisimama, yenyewe bado yanakwenda, kwa hiyo ubongo hudanganywa kwamba umegeukia upande wa pili. Sasa mweke mtu huyo ndani ya wingu, au usiku juu ya Turkana ambako hakuna taa hata moja chini, na usukani uwe mkononi mwake. Marubani wenye uzoefu wa miaka wamekufa kwa kuamini mwili na kupuuza vipimo vilivyo mbele yao. Kuukana mwili wako mwenyewe ni ujuzi, na hufundishika. Anayeniambia "mimi nina kipaji, huwa nahisi tu" hunitia wasiwasi.

Yapo yasiyofundishika. Upofu wa rangi ni mmoja. Mtoto wa kiume huurithi kupitia kwa mama, na wanaume wenye tatizo hilo ni wengi kuliko wanawake. Wengi hawajijui mpaka siku wanapofunguliwa kile kitabu cha vidoti wakashindwa kuiona tarakimu. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell) nao hufunga mlango, kwa sababu hewa nyepesi ya juu huzidisha yale yale yanayomuumiza mgonjwa akiwa chini. Kama familia yenu inatoka Nyanza, Magharibi au Pwani, pimeni damu mapema. Kuhusu miwani, kila jeshi lina kipimo chake, na ndege za kivita ndizo zenye masharti makali zaidi. Ila tafadhali msikimbilie upasuaji wa leza kabla ya kuuliza. Kuna aina za upasuaji huo ambazo baadhi ya majeshi hayazikubali, na zinazokubaliwa huhitaji muda wa kupona na kuchunguzwa.

Halafu kuna mzigo wa kazi yenyewe. Futi 25,000 angani bila oksijeni ya ziada, mtu ana dakika 3 hadi 5 za akili timamu, na dakika hizo humjia na furaha, kama aliyepiga glasi mbili. Hajui kwamba anakufa. Ndege ya kivita ya F-5, ambayo Kenya imekuwa nayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, inaweza kukata kona hadi uzito wa rubani ukawa mara 7. Kijana wa kilo 65 hugeuka mzigo wa kilo 455. Damu hukimbilia miguuni, rangi hupotea machoni, kisha giza. Dawa yake ni suti maalumu, kukaza misuli ya mapaja na tumbo, na kuvuta pumzi kwa mpango. Na hapo nivunje ndoto kidogo: marubani wengi wa jeshi letu hawarushi F-5. Wako kwenye helikopta na ndege za mizigo, wakibeba askari, majeruhi, au unga wakati wa mafuriko.

Basi lile swali nililosema karibu hakuna anayeliuliza ni hili: ukiondolewa kwenye ndege, utabaki jeshini?

Rubani wa jeshi ni afisa kwanza. Anaingia kama kadeti, yaani afisa mwanafunzi, anafunzwa Lanet kule Nakuru pamoja na wenzake wa nchi kavu na wa majini, na urubani huja baadaye. Kwenye kozi ya urubani kuna wanaotolewa, na hata aliyehitimu anaweza kuondolewa angani na moyo au sikio. Magwanda hayavuliwi kwa sababu hiyo. Huwezi kuandika barua leo ukaondoka mwisho wa mwezi. Ukipelekwa kituo usichokitaka, utakwenda.

Kama jibu lako ni hapana, pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kuna shule za urubani wa kiraia. Leseni ya biashara huanzia umri wa miaka 18 na kwa kawaida hudai saa 200 angani, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ni mamilioni ya shilingi kutoka mfukoni mwa mzazi, kweli, lakini utachagua mwajiri. Jeshini serikali ndiyo inayolipa, na wewe unalipa kwa miaka yako.

Na hatari haingoji vita. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, naye rubani wa ndege za kivita, alifariki katika ajali ya helikopta Elgeyo Marakwet. Walikuwa watu 12 ndani, wakapona 2. Zungumzeni jambo hili nyumbani, mezani, kabla ya fomu.

Wasichana huniuliza kama kuna nafasi yao. Mei 2024 mwanamke, Meja Jenerali Fatuma Gaiti Ahmed, aliteuliwa kuwa kamanda wa Wanahewa.

Nafasi za kadeti hutangazwa hadharani, magazetini na kwenye tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Urefu wa mita 1.60 umekuwa sharti kwa muda mrefu. Alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na umri visome kwenye tangazo lenyewe, maana hubadilika. Kuandikishwa ni bure. Mama wa yule kijana alikuwa na namba ya mtu aliyemwahidi barua ya kuitwa jeshini kwa laki tatu. Nilimwomba aifute mbele yangu, akaifuta, shingo upande.

Kijana mwenyewe hakulijibu lile swali langu siku ile. Baada ya wiki mbili alirudi peke yake, akitaka kujua kama mafundi wanaotengeneza hizo ndege nao hupimwa macho.