Kumtaja mtoto aliyefariki sio kumwita aje kumchukua mdogo wake

Jumanne nimelisikia tena na safari hii uso ulinishinda kuficha. Mama kaja na mtoto wa miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vimevimba, macho manjano, homa juu. Namuuliza, mama, huyu wa ngapi? Wa pili. Haya naandika wa pili. Bibi yake mtoto kakaa pembeni kakumbatia chupa ya chai, kimya. Tumeongea weee mpaka tumefika kwenye dawa ndo mama anainamia meza ananinong'oneza, sista, kulikuwa na mwingine hapo katikati. Bibi akamkata palepale: huyo hahesabiwi, alishakuwa malaika, ukimtajataja unamwita aje amchukue mwenzie.

Nafanya kazi kliniki ya siko seli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Dar miaka sasa na hili ndo linaloniudhi kuliko yote, kuliko hata wanaosema juisi ya rozela inaponya.

Huyo wa katikati aliondoka na miezi kumi na moja, kwa siku moja tu. Asubuhi anacheza, jioni kawa mweupe viganja mpaka midomo, tumbo limejaa upande wa kushoto. Mtaani wakasema damu imenyonywa, mkazika, turubai likafunguliwa kesho yake, basi. Jamani damu haikunyonywa na mtu. Ilikuwa humohumo tumboni mwake, bandama la mtoto mwenye selimundu linaweza kuikamata damu nyingi ndani ya masaa machache likavimba, na mtoto asipowahi kuongezewa damu anaenda. Sasa mtu mmoja tu angelisema hilo kwa sauti wakati huyu bado yuko tumboni, angetobolewa kisigino apimwe damu siku za kwanza, penisilini ya kunywa angeanza na miezi miwili mara mbili kwa siku mpaka miaka mitano, na mama angefundishwa kupapasa chini ya mbavu za kushoto kila akimuogesha, bandama likikua anakimbia hospitali haulizi mtu. Badala yake tumekuja kujuana na miezi tisa, vidole vimeshavimba.

Afu mnadhani mkinyamaza mama anasahau? Muulize angekuwa na miaka mingapi leo, anakujibu mpaka na mwezi. Anachofanya ni kulia chooni ili wifi asimwone. Kumuombea, kumtaja jina, kubaki na picha yake kwenye simu, hakuna kinachohamisha ugonjwa hapo, ugonjwa ulishaamuliwa siku mimba inatungwa.

Mi nawaambia wote, wenzangu wananicheka kwa hili: nunua daftari la kaunta, ukurasa mmoja uwe wake. Jina, alizaliwa lini, alianza kuumwa na miezi mingapi, alivimba wapi, aliwahi kuongezewa damu, siku ya mwisho ilikuaje. Kadi yake ya kliniki usiichome na nguo, ibandike humohumo. Mama mdogo na shangazi za mtoto wausome, maana na wao wanazaa. Na nesi akikuuliza huyu wa ngapi sema wa tatu, wa pili amefariki. Hayo maneno mawili matatu yanatusaidia kuliko faili zima.

Mengine wanayosema watu nayapitia harakaharaka.

Eti ugonjwa kaja nao mke. Mtoto wa SS, yaani mgonjwa, kapewa kinasaba kimoja cha ugonjwa na mama na kingine na baba, hakuna njia ya mkato. Mama mkwe akisema kwetu siko seli hakuna, mgonjwa labda kweli hakuna, ila mbebaji yupo kakaa sebuleni anaangalia mpira, haumwi kitu. Kubeba nusu kunamkinga mtu na malaria kali, ndo maana huku kwetu vimejaa hivi na inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na ugonjwa huu kila mwaka Tanzania. Akina baba njooni mpimwe, sindano ndogo tu, kelele za nini.

Eti mmoja ameshaondoka kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama. Hapana. Baba AS mama AS, yaani wote wabebaji, kila mimba inaanza upya, mmoja kwa wanne, haijui ya jana ilikuaje. Nina familia zenye wawili wanaofuatana, na nina nyingine ina watano wote wazima.

Eti alizaliwa mzima na siko walimpima ikatoka negativu. Miezi ya mwanzo mtoto bado ana damu aliyotoka nayo tumboni, inamlinda, ndo maana mengi yanaanzia karibu na miezi sita. Na kile kipimo cha siko cha kawaida kinadanganya kwa kichanga, pia hakitofautishi mgonjwa na mbebaji.

Eti juisi ya rozela na bitiruti inaponya. Kunyweni, ni tamu. Vinasaba haviguswi na juisi. Dawa inayopunguza maumivu na kulazwa ni haidroksiyurea, na inatolewa na daktari, sio jirani.

La mwisho, eti sisi wote ni grupu O haiwezekani. Grupu la damu na selimundu ni vitu viwili tofauti kabisaaa, O anaweza kuwa AA (hana kinasaba hicho), AS au SS kama mwingine yeyote. Ukienda kupima omba elektroforesisi ya himoglobini, kipimo kinachoonyesha wewe ni AA, AS au SS, wakikurudishia karatasi imeandikwa O pozitivu usiondoke, rudi dirishani.