Sungura mpya anapumua vibaya: maswali ninayoulizwa kila siku kliniki

Natibu wanyama wadogo, na sungura wanaoletwa wakiwa na shida ya kupumua hadithi zao zinafanana mpaka nachoka. Kachukuliwa juzijuzi, siku ya tatu kaanza chafya, nyumbani wakasema aa ni mafua tu yataisha, siku ya sita ndo analetwa anavuta hewa kwa mdomo. Sasa siku ya sita mimi nifanyeje?

Nina wiki moja naye, anapiga chafya. Si mafua tu kama yetu?

Jina moja, ugonjwa tofauti. Mafua yetu ni virusi na mara nyingi yanaisha yenyewe. Ya sungura mara nyingi ni bakteria, anayesumbua sana anaitwa Pasteurella multocida, na sungura wengi tu wanaye puani wala hawaumwi. Halafu unamhamisha: safari, harufu ngeni, mbwa anabweka, chakula kimebadilishwa ghafla, watoto wanapokezana kumbeba kutwa nzima, kinga inashuka na bakteria aliyekuwa kalala anaamka. Ndo maana wapya wanaumwa sana. Usikae kusubiri yaishe yenyewe, maana bakteria huyo anaweza kushuka mapafuni, au anaingia sikioni unashtukia kichwa cha sungura kimepinda upande.

Chafya moja mbili baada ya kuchokonoa nyasi zenye vumbi siyo ugonjwa. Zikirudi, au kuna kamasi, au jicho linatoa machozi, ni ugonjwa.

Mbona pua yake kavu kabisa?

Kwa sababu ameshaifuta! Mshike taratibu, geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani. Ukikuta manyoya yameshikana, magumu kama yamepakwa gundi ikakauka, hayo ni makamasi, anajifuta nayo siku nzima wewe huoni. Huwa naangalia hapo kabla hata ya kuangalia pua.

Nitajuaje anapumua kawaida?

Mwangalie katulia, asijue unamwangalia, hesabu mbavu zinavyopanda sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Kati ya 30 na 60 kwa dakika ni kawaida. Usihesabu baada ya kumkimbiza chini ya kitanda, hapo hata wewe unahema. Pua kuchezacheza haina shida. Shida ni matundu ya pua yakipanuka kila pumzi, tumbo likivuta kwa nguvu, akinyoosha shingo na kuinua kichwa juu, au sauti ya kukoroma. Ukiona hayo ni leo, siyo wikiendi.

Kafungua mdomo anahema kama mbwa. Nisubiri asubuhi?

Hapana. Mbwa anahema kwa mdomo kupoza mwili. Sungura kaumbwa kupumua kwa pua, akifungua mdomo maana yake pua imeshindwa na yeye anaelekea kushindwa. Usisubiri asubuhi, usisubiri mshahara, usisubiri mtu arudi na gari. Midomo au ufizi ukiwa na rangi ya bluu ndo kabisa, ondoka sasa hivi.

Njiani awe kwenye boksi lenye matundu ya hewa, kimya, pasiwe na joto. Usimkumbatie kifuani eti umfariji, usimlaze chali, na tafadhali usimnyweshe maji kwa bomba la sindano, yataingia mapafuni. Kama alikuwa juani au chumba kina joto kali, lowanisha masikio yake kwa maji ya kawaida, siyo barafu wala kumtumbukiza kwenye beseni, na bado mlete.

Nina amoksisilini zilizobaki, nimpe robo ya kidonge?

HAPANA. Hata robo ya robo. Sungura anaishi kwa bakteria wazuri walio tumboni, dawa hiyo ikipita mdomoni inawaua, wabaya wanabaki wanazaliana na kutoa sumu, anaharisha na anakufa ndani ya siku chache. Penisilini ya kunywa, ampisilini, klindamisini, zote hivyohivyo. Na usije kuniambia kuna daktari alimchoma penisilini sungura wa jirani akapona, ile ilikuwa sindano, haipiti mdomoni, na aliyechoma alijua anachofanya. Kuna dada aliniletea sungura pamoja na kapsuli zenyewe, kajivunia kwamba hajakaa bure. Mapafu yangetibika yale. Tumbo ndo lilimuua.

Sirapu ya kikohozi na dawa za kupaka za mafua nazo ziache kwa wenye mafua yao.

Bado anakula, si ndo dalili yuko sawa?

Sungura anaficha ugonjwa, ni mnyama wa kuliwa na wanyama wengine porini, akionyesha udhaifu kaisha. Kwahiyo kula hakunitulizi, ila kutokula kunanitisha: akipitisha masaa 12 bila kula au bila kutoa kinyesi, tumbo linasimama na hilo peke yake linaua. Pua ikiziba hasikii harufu ya chakula, ndo anaachaga kula.

Banda lina mchango?

Mkubwa. Inama mpaka pua yako ifike ilipo yake, kaa dakika moja. Macho yakikuwasha hiyo ni amonia ya mkojo, na yeye yuko hapo usiku kucha. Toa maranda yenye vumbi au ya mbao zenye harufu kali, acha kuvuta sigara na kupuliza pafyumu karibu yake.

Nina mwingine nyumbani.

Mtenge mpya wiki 2 hadi 4, chumba kingine, vyombo vyake. Hudumia mzima kwanza, mgonjwa mwisho, nawa mikono.

Atapona kabisa?

Wengi wanapata nafuu, wengine chafya zinarudirudi maisha yote. Dawa ni wiki kadhaa, na wanaoacha siku ya tano kwa sababu "kapona" nakutana nao tena. Mkija mrekodini video akiwa nyumbani katulia, maana akifika mezani kwangu anapumua mbio kwa woga tu nashindwa kujua lipi ni lipi. Ila mdomo ukiwa wazi usisimame kurekodi, mbebe uje.